Lori Linalozima Njiani: Tutafute Ugonjwa Wapi?

Leo tunajifunza habari za lori la petroli la zamani, kama yale ya Bedford ambayo watu wengine bado wanayo. Malori mengi ya siku hizi ni ya dizeli. Hayo hayana plagi wala koili, kwa hiyo somo hili haliyahusu.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Asubuhi lori linawaka vizuri. Linakwenda saa nzima na mzigo wake wa nyanya, halafu injini inakohoa mara mbili tatu, kimya. Dereva anapiga stata, wapi! Anakaa chini ya mti nusu saa, anajaribu tena, linawaka kama halijaugua kamwe. Akilifikisha kwa fundi, linanguruma vizuri, na fundi anasema, "Hili halina kitu." Hapo ndipo maneno yanapoanza kijijini. Wenye nyanya zilizooza wanasema dereva ameuza petroli, au alisimama kulewa. Mtu anaweza kupoteza kazi kwa sababu ya kijiwaya kilichokatika. Kwa hiyo ugonjwa huu upimwe pale pale lori linapozima, kabla halijapoa. Likishawaka, ushahidi umekwenda.

Kwanza tuone umeme unavyopita. Unatoka kwenye betri ya volti 12, unapita kwenye switchi, unaingia kwenye koili. Ndani ya koili mna nyaya mbili zilizozungushwa: mmoja mnene, wenye mizunguko michache, na mwingine mwembamba sana, wenye mizunguko maelfu. Kutoka hapo umeme unakwenda kwenye distribyuta, ambamo mna pointi, yaani vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana. Vikiachana, umeme unakatika ghafla, na ule waya mwembamba unatoa nguvu ya volti 10,000 na zaidi. Nguvu hiyo ndiyo inayotoa cheche kwenye plagi. Kando ya pointi kuna kikopo kidogo kiitwacho kondensa. Kikifa, pointi zinaungua na cheche inakuwa dhaifu.

Sasa, joto linaingiaje? Waya wa ndani ya koili ukiwa umechanika, koili ikipata moto waya hutanuka na ncha zake huachana. Ikipoa, zinagusana tena. Kondensa nayo yaweza kufanya hivyo hivyo. Ndiyo sababu kupumzika chini ya mti "kunatibu" lori.

Lori likizima, msikimbilie kufungua kabureta. Chomoeni waya wa plagi moja, chomekeni plagi nyingine ya akiba kwenye waya huo, na kuilaza juu ya chuma cha injini. Msiishike kwa mkono. Umeme ule unarusha mtu. Wala msifanye hivyo penye petroli iliyomwagika. Mmoja apige stata, mwingine atazame. Cheche ya buluu inayolia "ta! ta!" ni nzima. Ikiwa ya manjano na dhaifu, au haipo kabisa, ugonjwa uko kwenye umeme.

Kama cheche ni nzima, nendeni kwenye petroli. Fungueni kifuniko cha tangi na kusikiliza. Kikivuta hewa kwa kishindo, na baada ya hapo lori likaenda, basi kitundu cha hewa cha kifuniko kimeziba. Tumesikia watu wakinunua pampu mpya kwa ajili ya kitundu kile!

Kama cheche haipo, chukueni taa ndogo ya volti 12 yenye nyaya mbili. Waya mmoja ugusishwe kwenye bodi ya gari, mwingine kwenye msumari wa koili unaotoka kwenye switchi. Switchi iwe imefunguliwa. Taa isipowaka, tafuteni kwenye switchi na nyaya zake. Ikiwaka, hamieni msumari wa pili, unaokwenda kwenye distribyuta, na pigeni stata. Taa inapaswa kuwaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika. Ikiwaka moja kwa moja, umeme haupiti kwenye pointi: ni chafu, hazigusani, au waya wake umekatika. Isipowaka kabisa, ondoeni kile kijiwaya cha kwenda kwenye distribyuta, mpime msumari ule ule tena. Ikiwaka sasa, koili haikukatika upande huo. Kuna kitu ndani ya distribyuta kinachogusa bodi, pengine kondensa. Isipowaka hata hivyo, waya mnene wa koili umekatika.

Taa ikicheza vizuri na cheche bado haipo, badilisheni kondensa kwanza, maana ni rahisi kuliko koili. Badilisheni kitu kimoja kimoja. Mkibadilisha vyote siku moja, hamtajua kipi kilikuwa kibovu.

Kitazameni sana kijiwaya kilichomo ndani ya distribyuta. Kila dereva akikanyaga mafuta, kinapinda. Baada ya miaka kinakatika ndani ya ganda lake, na kwa macho kinaonekana kizima. Kivuteni taratibu, kikinyooka kama mpira, kimekatika.

Na koili mpya isomwe maandishi yake kabla ya kulipwa. Nyingine zimetengenezwa zitumike pamoja na rezista, kifaa cha kupunguza umeme. Mkiifunga bila rezista kwenye volti 12, itachemka na kufa mapema. Hata koili iliyo sawa hupata moto bure kama switchi inaachwa wazi injini ikiwa imezima, kwa mfano dereva akisikiliza redio.

Kwenye lori pawe na daftari. Dereva aandike tarehe, kilomita, mzigo, kama ni mlimani au tambarare, lilikaa dakika ngapi kabla ya kuwaka, na cheche ilikuwaje. Fundi akisoma kurasa mbili za namna hiyo, hatasema tena "halina kitu."

Zoezi: Lori limezima. Cheche hakuna. Taa inawaka kwenye msumari wa switchi. Kwenye msumari wa distribyuta inawaka pia, lakini haizimiki mkipiga stata. Mtafungua nini kwanza?