Ufuo Safi, Kasa Salama: Somo Kutoka Kiwayu

Kasa jike hurudi kutaga katika pwani alikoanguliwa. Huenda ikamchukua zaidi ya miaka 20 kukomaa, kwa hivyo vifaranga watakaopotea leo ni akina mama watakaokosekana miaka mingi ijayo.

Kiwayu ni kisiwa chembamba kilicho kaskazini mashariki mwa Lamu, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga iliyotangazwa mwaka wa 1979. Ufuo wake unaoelekea bahari kuu hupokea kasa, na pia taka zinazoletwa na mikondo na upepo: chupa, ndala na vipande vya nyavu. Ndala zilizookotwa fuoni ndizo zilizopamba jahazi la plastiki la Flipflopi, lililoshushwa majini Lamu mwaka wa 2018.

Usiku, kasa hupanda juu ya alama ya maji kujaa, huchimba shimo, hutaga mayai 100 hivi, hufukia na kuondoka. Baada ya takriban miezi miwili vifaranga hutoka na kuelekea baharini. Kwa kifaranga anayetosha kiganjani, kipande cha wavu ni mtego. Akifika majini, plastiki inayoelea huidhania chakula.

Wakazi wanaposafisha ufuo wanahimizwa kuzingatia haya:

1. Okoteni taka mchana, kwa mikono. Reki na jembe huweza kufukua mayai.
2. Acheni mwani uliosukumwa na mawimbi. Si taka, ndimo ndege hutafuta chakula.
3. Msichome plastiki ufuoni. Itieni kwenye magunia, yawekwe mbali na maji hadi mashua itakapoyabeba.
4. Mkiona kiota, msikifukue. Arifuni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) au kamati ya usimamizi wa ufuo (BMU).
5. Usiku, zimeni tochi karibu na viota. Vifaranga hufuata mwangaza, na taa huwapotosha wakaelekea nchi kavu.

Sheria ya Wanyamapori ya mwaka wa 2013 inamlinda kasa. Kumuua, au kuuza nyama, mafuta au mayai yake, ni kosa.

Mvuvi naye ana faida hapa. Wavu uliotupwa baharini huendelea kunasa kasa na samaki ambao hakuna atakayewala. Wavu ukichakaa, urudishwe bandarini.