Ngiri Kubwa ya Tumbo: Maandalizi Kabla ya Upasuaji

Katika vijiji vya Handeni na mashamba ya mkonge ya Korogwe, neno "mshipa" hubebeshwa maradhi mengi. Kwa kuwa matende na mabusha yamekuwapo mkoani Tanga tangu zamani, si ajabu busha likadhaniwa ngiri, na ngiri ikaachwa kama busha. Makala haya yanahusu ngiri ya ukuta wa tumbo, hususan itokayo kwenye kovu la upasuaji wa zamani, na kwa wanawake wengi kovu hilo ni la uzazi.

Ngiri kubwa ikikaa miaka mingi, sehemu ya utumbo huhamia nje, na nafasi ndani ya tumbo hupungua. Utumbo huo ukirudishwa wote kwa siku moja bila maandalizi, shinikizo hupanda, kiwambo cha kifua husukumwa juu, na mgonjwa huweza kushindwa kupumua. Kwa hiyo anayeambiwa arudi baada ya wiki sita asidhani amefukuzwa. Matibabu yameanza, ilimradi mhudumu amemweleza la kufanya katika wiki hizo.

Tumbaku iachwe angalau wiki nne kabla. Kikohozi kilichodumu wiki mbili au zaidi kichunguzwe kifua kikuu. Kufunga choo na tezi dume vitibiwe mapema, maana kujikamua hukata nyuzi. Sukari ya damu idhibitiwe, upungufu wa damu urekebishwe, na mwenye uzito mkubwa apunguze kiasi awezacho. Ngozi iliyo juu ya ngiri hustahili jicho la pekee: ikiwa na vidonda au fangasi, wavu utakaopandikizwa huweza kuingia vijidudu, na kuuondoa ni kazi nzito kuliko kuuweka. Mazoezi ya kuvuta pumzi ndefu yaanzie nyumbani.

Liko pia jambo ambalo faili halina nafasi yake: nani atachota maji? Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na mgonjwa hatainua mzigo wa namna hiyo kwa miezi miwili au mitatu. Tarehe ipangwe pamoja na familia, nje ya msimu wa kulima.

Ngiri ikiwa ngumu ghafla, ikauma, ikakataa kurudi, au mgonjwa akatapika na kukosa choo na hewa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Isisukumwe kwa nguvu, isikandwe, wala asipewe dawa ya kuharisha.