SOMO: RAIA WASIO NA SILAHA MBELE YA UTAWALA WA KIJESHI



Katika kambi na katika nyumba zinazopokea wakimbizi wa ndani tunasikia mara nyingi neno hili: «Raia hana nguvu, mwenye bunduki ndiye mwenye neno.» Tangu M23 iingie Bukavu mwezi wa Februari 2025, wengi wamelirudia. Somo letu linaangalia namna watu wa Kivu Kusini walivyolijibu neno hilo katika vita vya 1998 hadi 2003.

1. Hali ilivyokuwa

Agosti 1998 kundi la RCD, likisaidiwa na jeshi la Rwanda, lilianza vita na kuteka miji ya mashariki. Mambo ya Kivu Kusini yaliamuliwa Goma, makao ya RCD, na nyuma yake Kigali. Raia wengi waliuawa Kasika mwezi huo huo wa Agosti, kisha Makobola mwishoni mwa mwaka. Vijana wengi waliingia Mayi-Mayi. Wengine walichagua njia isiyo ya silaha.

2. Walifanya nini?

Mashirika ya raia, yaani vyama vya wakulima, vya akina mama na vya watetezi wa haki, yalikuwa na umoja wao tangu kabla ya vita. Walisimama pamoja na makanisa. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa alikuwa ameuawa Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996. Aliyemfuata, Emmanuel Kataliko, hakunyamaza. Katika barua yake ya Noeli 1999 alisema wazi kwamba mataifa ya kigeni, yakisaidiwa na Wakongomani wengine, yanapora mali ya nchi.

Mwanzoni mwa mwaka 2000 mashirika yaliomba watu wabaki nyumbani. Mji ukanyamaza. Mwezi wa Februari wakubwa wa RCD walimfukuza Askofu Bukavu, wakampeleka Butembo. Misa zilisimamishwa kwa muda na shule zikafungwa. Watu walidai arudi kwa muda wa miezi saba, na tarehe 14 Septemba 2000 alirudi. Alifariki Italia mwezi wa Oktoba, majuma machache tu baadaye.

Mwaka 2001 mkutano mkubwa wa amani uliokusudiwa kufanyika Bukavu ulifanyika Butembo, na wageni mamia kutoka Ulaya walifika. Mwaka 2002 wajumbe wa mashirika ya raia walikaa mezani Sun City, Afrika Kusini, pamoja na wenye majeshi.

3. Tunajifunza nini?

Kwanza, mtawala wa kijeshi anahitaji soko lifunguliwe, kodi ilipwe na mwalimu aende shuleni. Hapo ndipo nguvu ya raia ilipo.

Pili, njia hii ina gharama. Anayekula kwa kazi ya siku hawezi kufunga duka siku saba bila msaada. Viongozi wapange kwanza nani atalisha nani, na nani yuko hatarini zaidi.

Tatu, tutaje tendo baya na aliyelitenda, tusitaje kabila. RCD ilimshitaki Kataliko kwamba anachochea chuki. Kila neno la chuki linampa mtawala sababu ya kupiga. Tena ni uongo: mwaka 2002 Wanyamulenge wengi wa Minembwe, wakiongozwa na Masunzu, walipigana na jeshi la Rwanda. Aliyewahesabu wote kuwa adui alikosea.

Nne, raia peke yao hawakumaliza vita. Mapatano ya Pretoria ya tarehe 17 Desemba 2002 yalitiwa saini na wenye majeshi pia. Lakini sauti ya raia ilikuwamo kwa sababu haikuzimwa miaka ile.

4. Maswali ya kujadiliana

- Katika kambi yetu, nani anasema kwa niaba yetu? Tulimchagua?
- Je, akina mama na vijana wanasikilizwa?
- Tunaposimulia mabaya tuliyotendewa, tunataja watenda au kabila zima?
- Jambo gani dogo tunaweza kukataa pamoja bila kuhatarisha maisha ya watoto wetu?

Jadilianeni katika vikundi vya watu wachache, mahali penye usalama. Umoja ni nguvu.