Kabla ya Kununua Nakala ya Bastola ya Zamani

Neno "nakala" katika tangazo la bastola ya kijeshi ya zamani laweza kuficha bidhaa tatu zisizofanana: pambo lisilofyatuka, bastola ya upepo, na silaha kamili inayoua. Picha haitofautishi. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, mnunuzi amuulize muuzaji: mtutuni hutoka nini, na husukumwa na nini?

Tuichukue Colt ya mwaka 1851, iliyopewa jina la Navy, yenye silinda ya kuzunguka na nafasi sita za risasi. Kampuni ya Colt iliacha kuitengeneza mwaka 1873, lakini leo viwanda vya Italia kama Uberti na Pietta, katika mkoa wa Brescia, huiunda upya. Nakala hiyo hushindiliwa baruti nyeusi na risasi ya mviringo, ikavikwa fataki nyuma ya silinda, nayo huua kama ilivyoua asili yake. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1968 haiihesabu kuwa silaha ya moto, kwa kuwa muundo wake ni wa kabla ya 1899 na haitumii risasi za ganda. Wako wanaodhani kwamba basi ni mchezo. Sivyo, na hata huko, sheria za majimbo hutofautiana. Tena isitiwe kamwe baruti ya kisasa isiyotoa moshi: nguvu yake yaweza kuipasua silinda mkononi mwa mpigaji.

Webley Mark VI ni habari nyingine. Jeshi la Uingereza liliipokea mwaka 1915, na maofisa wake wakaivaa kiunoni katika Vita Kuu ya Kwanza. Nakala yake ya leo huficha mpinini kichupa cha gramu 12 za gesi ya kaboni, na hurusha goroli za milimita 4.5 zilizopachikwa katika maganda yanayofanana na ya risasi. Hufunguka kwa kukunjika katikati kama ile ya asili, na kwa hakika ni kazi nzuri ya fundi. Lakini goroli ya chuma ikigonga ukuta au jiwe humrudia mpigaji. Miwani ya kinga ivaliwe na kila aliyepo, si mpigaji peke yake. Uingereza hairuhusu kumuuzia bastola ya upepo mtu aliye chini ya miaka 18, na Scotland hudai cheti tangu Desemba 31, 2016.

Hata pambo lisilofyatuka lina hatari yake, nayo ni mfanano. Novemba 2014, mjini Cleveland, Marekani, Tamir Rice, mtoto wa miaka 12, alipigwa risasi na polisi akafa. Alikuwa na bastola bandia ambayo alama yake ya rangi ya machungwa ilikuwa imeondolewa. Alama hiyo isikwanguliwe wala kupakwa rangi, na nakala isionyeshwe barabarani bali ibebwe ndani ya sanduku lililofungwa.

Anayetaka kuagiza nakala kutoka ng'ambo, au kurudi nayo nyumbani kutoka safarini, aulize polisi na forodha za nchi anayokwenda kabla ya kulipa, na jibu alipate kwa maandishi. Ahadi ya muuzaji kwamba "haihitaji kibali" huhusu nchi ya muuzaji.