Somo la Afya: Kwa Nini Pua Huchunguzwa Kabla ya Kupandikiza Uloto



Upandikizaji wa uloto kwa watoto wenye selimundu sasa hufanyika hapa nchini. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, iliuanza mwaka 2023. Somo hili laeleza hatua moja inayowashangaza wazazi: mtoto anaumwa damu, mbona anachunguzwa pua?

Uloto ni tishu laini iliyomo ndani ya mifupa, nayo ndiyo izalishayo damu. Kabla ya kupokea uloto wa ndugu yake anayelingana naye, mtoto hupewa dawa kali za kuuondoa ule wa zamani. Kisha, kwa wiki kadhaa, mwili wake hubaki na chembe nyeupe chache mno, na chembe hizo ndizo askari wa mwili.

Katika mifupa ya uso, pembeni mwa pua na juu ya macho, mna matundu yenye hewa yaitwayo sainasi. Bakteria au fangasi waweza kukaa humo bila kumsumbua sana mtu mwenye kinga timamu. Kinga ikishuka, maambukizi hayo huweza kuenea hadi jichoni, kwenye ubongo au katika damu, na kuhatarisha maisha.

Kwa hiyo daktari huuliza habari za mafua, hutazama pua na meno ya juu, kwani jino bovu huweza kuambukiza sainasi, na akiona haja huagiza picha ya CT. Picha peke yake haitoshi. Hulinganishwa na dalili. Maambukizi yakithibitika, hutibiwa kwanza, na upandikizaji huweza kuahirishwa. Kuahirishwa si kukataliwa.

Mzazi, usifiche mafua ya mtoto kwa kuhofia kupoteza nafasi. Sema iwapo pua imeziba au inatoa ute mzito kwa zaidi ya siku 10, uso unauma, au pumzi inanuka. Kujifukiza hakuchukui nafasi ya uchunguzi, na maji ya moto huweza kumuunguza mtoto.

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Ikihitajika, utapewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Mtoto mwenye selimundu akipata homa, usingoje kukuche: mpeleke mara moja.