Mafunzo Niliyopata kwa Kutafsiri Maneno Mapya ya Kiingereza

Kazi yangu ni kutafsiri habari za kimataifa. Katika kazi hii neno geni halipigi hodi. Unakutana nalo taarifa ikikaribia kusomwa, na kamusi bado haijalipata. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Neno jipya huundwa kwa vipande vya zamani.
"Brexit" halikumsumbua aliyekuwa amefuatilia habari za Ugiriki. Mwaka 2012, hofu ilipotanda kwamba nchi hiyo ingeacha sarafu ya euro, wachumi walichukua mwanzo wa jina lake la Kiingereza, wakaunga na "exit", yaani kutoka, wakapata "Grexit". Mwaka huohuo Uingereza nayo ikapata la kwake, miaka minne kabla ya kura ya maoni ya kujitoa Umoja wa Ulaya. Wanaisimu huiita njia hii uhulutishaji. Hata sisi tunaitumia: chakula cha jioni kimetupa chajio. Waingereza wameizoea tangu zamani. "Brunch", mlo unaounganisha kifungua kinywa na chakula cha mchana, lilichapishwa 1895, na "smog", moshi uliochanganyika na ukungu wa London, likavuma kuanzia 1905. Kwa hiyo nikikutana na neno nisilolijua, kwanza nalipasua nione limebeba nini.

2. Lakini wasemaji hukata popote wanaposikia mkato.
Hili ndilo linalonivutia kuliko yote. "Hamburger" limetokana na jina la mji wa Hamburg, Ujerumani, likaongezwa "-er" mwishoni. Wasemaji wa Kiingereza wakasikia "ham", paja la nguruwe, kisha "burger". Wakaiondoa hiyo "ham", wakaweka jibini, ikawa "cheeseburger", na leo "burger" linasimama peke yake kana kwamba lilikuwapo siku zote. Ndivyo ilivyokuwa kwa Watergate pia, jina la majengo ya Washington ambamo ofisi za chama cha Democratic zilivunjwa mwaka 1972, ikazuka kashfa. Mkia wa jina hilo, "-gate", sasa hubandikwa kwenye kashfa yoyote. Mtafsiri anayetafuta geti hapo hataliona.

3. Ufupishaji haufuati kanuni ya shule.
"Weblog" la 1997, yaani shajara ya mtandaoni, lilipofupishwa, halikubaki "web" wala "log". Ilibaki "blog", na herufi ya mwisho ya neno la kwanza ikang'ang'ania la pili.

4. Mzizi unaweza kuwa wetu.
Mwaka 2002 kundi la Gidi Gidi Maji Maji la Kenya lilitoa wimbo "Unbwogable". Ndani yake mna "bwogo", neno la Kijaluo lenye maana ya kutisha. Mbele limewekewa "un-" ya kukanusha, nyuma "-able" ya uwezekano: mtu asiyetishika. Viambishi ni vya Kiingereza tupu na vimekaa panapostahili, ila moyo wa neno umetoka kando ya Ziwa Victoria. Wapinzani wakalibeba kwenye kampeni za mwaka huo, katika uchaguzi uliohitimisha utawala wa chama cha KANU wa karibu miaka 40. Mwaka 2022 kamusi ya Oxford ikaliingiza, pamoja na maneno mengine ya Afrika Mashariki, likiwamo nyama choma. Nasisitiza jambo hili kwa sababu bado nasikia watu wakiita maneno ya namna hii Kiingereza kibovu. Aliyeliunda alijua sarufi ya lugha zote mbili, na aliitumia sawasawa.

5. Kamusi hufuata nyuma.
Kiswahili kina BAKITA, baraza la Tanzania linalosimamia lugha; Kiingereza hakina baraza la namna hiyo. Oxford walipolitangaza "selfie" kuwa neno la mwaka 2013, lilikuwa limekwisha kuandikwa Australia tangu 2002. Ndiyo maana sisubiri kamusi; natazama kama neno linanyambulika. "Google" lilikuwa jina la kampuni, kisha watu wakaanza kulitumia kama kitenzi, wakalipa wakati uliopita na hali ya kuendelea, na mwaka 2006 kamusi ikalikubali. Neno likifika hapo nalitafutia istilahi ya kudumu kwenye daftari langu. Lisipofika, naeleza maana yake kwa Kiswahili cha kawaida, naendelea na habari.