Somo: Hapana kata jani sababu upepo umelipasua



Musimu wa mvua tunaujua. Kabla matone kuanguka, upepo mukali unapita mu mashamba. Asubuhi tunakuta migomba imelala chini, mikungu yake haijakomaa. Ingine ingali imesimama, lakini majani yamepasuka-pasuka kama nguo kuukuu. Wengi wetu tunachukua panga na kuyakata, tukisema yameharibika. Tuache kwanza, tujifunze.

1. Nguvu ya upepo

Upepo ukisukuma kitu kigumu kama ukuta, na mbio yake ikawa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Mbio mara tatu, nguvu mara tisa. Na mgomba hauna ubao: shina lake ni maganda ya majani yaliyobanana. Kama majani yangekuwa magumu kama bati, zoruba moja ingeuangusha. Lakini jani linajikunja, linapasuka kati ya mishipa yake, vipande vinafuata upepo. Upepo unapita, shina linapumua.

2. Namna wataalamu wanahesabu

Hesabu hii iko nguvu. Upepo unakunja jani. Jani likikunjika linageuza njia ya upepo. Upepo uliogeuka unalikunja tena. Kwa hiyo ordinatere inagawanya hewa na jani katika vipande vidogo maelfu. Inahesabu msukumo wa upepo, inakunja jani kidogo, kisha inahesabu upepo upya, tena na tena.

Hata mainjiniera waliwahi kusahau mzunguko huu. Kule Marekani, tarehe 7 Novemba 1940, daraja la Tacoma, lenye miezi 4 tu, lilivunjwa na upepo wa karibu kilomita 68 kwa saa. Magari halikuyashindwa. Lilianza kucheza, na kila lilivyocheza, upepo ulipata nafasi ya kulichezesha zaidi.

3. Tufanye nini?

– Jani lililopasuka lakini lingali kijani, liache. Bado linalisha mkungu. Tena panga likitoka mgomba huu kwenda ule linaweza kubeba ugonjwa wa mnyauko wa bakteria, ambao katika Kivu ya Kaskazini ulionekana Masisi tangu 2001. Ukilazimika kukata, pitisha panga mu moto kabla ya kugusa mgomba mwingine.

– Mgomba wenye mkungu, uegemeze na miti miwili iliyofungwa kama mkasi, upande ule unainamia.

– Panda mstari wa miti, kama grevilea, upande upepo unatokea. Usiufunge kama ukuta: upepo utaruka juu na kuanguka nyuma yake kwa fujo. Mstari unaopitisha karibu nusu ya upepo unakinga umbali wa mara kumi hivi ya urefu wake. Miti ya mita 8 inakinga karibu mita 80.

4. Jaribio la kikundi

Chukueni majani mawili ya ukubwa mmoja. Moja liacheni zima, lingine pasueni kwa mikono kufuata mishipa. Simameni ku mlima wakati wa upepo, kila jani mkilishika kwa kikonyo chake. Mkono wenyewe utawaambia.

Maulizo ya kuzungumzia: Mu shamba lako upepo unatokea wapi? Migomba iliyoanguka mwaka uliopita ilikuwa na mkungu ama ilikuwa michanga? Nani katika koperative ana miche ya kugawia wengine?